Nani ashike fimbo mwaloni?

*Wachumi wa tabia wamefanya majaribio kwa zaidi ya miaka 20 kujua ni lini adhabu huwaleta watu pamoja na ni lini huwatawanya. Majibu yao yanawahusu wavuvi wa Musoma na Bunda, na yanafika hadi Butiama.*

Kupima wavu hakumalizi dakika. Afisa uvuvi anashika tundu moja, analivuta kutoka fundo hadi fundo linalolikabili, anaweka rula, anasoma. Tundu likitosha, mvuvi anakunja nyavu zake na kuondoka. Lisipotosha, pale Mwigobero, mwalo wa samaki mjini Musoma, yanaanza maneno ambayo rula haiwezi kuyamaliza.

Mwenye wavu wa tundu dogo ana hoja, na hoja hiyo haibadiliki hata ukishuka hadi mialo ya Bunda kwenye Ghuba ya Speke. Nikiacha mimi, mwenzangu haachi. Sangara mchanga nitakayemwacha apite leo, kesho atakuwa kwenye mtumbwi wa jirani. Wanangu watalala njaa, wa jirani watakula, na ziwa halitakuwa limepona.

Hoja hii inasikitisha kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mvuvi mmoja mwenye nyavu halali hawezi kuliokoa ziwa lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, ambalo zaidi kidogo ya nusu yake iko Tanzania na sehemu iliyobaki iko Uganda na Kenya. Sangara wa chini ya sentimita 50 hajafikia kipimo cha kisheria, na wengi wa urefu huo hawajazaa hata mara moja. Anayemwacha apite anabeba hasara peke yake. Faida, ikipatikana, ni ya kila mtu kuanzia Musoma hadi Kisumu na Jinja.

Kwa hiyo kuna pande mbili zinazovutana kila samaki wanapopungua. Upande mmoja unasema watu hawaendi bila fimbo: ongeza doria, ongeza faini, choma nyavu. Upande mwingine unasema fimbo imekwishawachosha wavuvi, na kwamba ziwa litalindwa na wanaoishi kando yake wakiachiwa walilinde. Kila upande una ushahidi wake. Ushahidi ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, umetoka mahali ambapo watu wa mwaloni hawapafikirii: vyumba vya majaribio vya vyuo vikuu, ambako watu huketi na kucheza mchezo wa fedha.

Pointi 20 za Zurich

Mwaka 2000 wachumi Ernst Fehr na Simon Gächter walichapisha matokeo ya mchezo ambao sasa unajulikana kote wanakofundisha uchumi wa tabia. Watu wanne wanacheza bila kujuana. Kila mmoja anapewa pointi 20 ambazo baadaye zinageuzwa kuwa fedha taslimu. Anaweza kubaki nazo zote, au akatia kiasi anachotaka katika mfuko wa pamoja. Kila pointi inayoingia mfukoni inampa kila mshiriki pointi 0.4, awe amechangia au hakuchangia.

Piga hesabu. Wote wanne wakitoa kila walichonacho, kila mmoja anaondoka na 32. Wote wakikataa kutoa, kila mmoja anabaki na 20 zake. Lakini watatu wakitoa zote na mmoja akategea, watatu hao wanapata 24 kila mmoja, na mtegeaji anapata 44.

Hiyo 44 ndiyo inayoua mfuko. Mchezo ulipoanza, watu walitoa kwa moyo, wastani wa karibu nusu ya walichopewa. Raundi zilivyosonga, waliotoa wakaona wanaliwa, nao wakapunguza. Ilipofika raundi ya 10, wengi walikuwa wanatoa kidogo sana au hawatoi kabisa.

Kisha watafiti wakabadilisha kanuni moja tu. Baada ya kila raundi, kila mshiriki aliona wenzake wametoa kiasi gani, na akaruhusiwa kulipa kutoka mfukoni mwake ili apunguze pato la mwingine. Kiuchumi ni jambo la ajabu, kwani anayeadhibu anapoteza fedha na hapati kitu. Watu waliadhibu hata hivyo, na michango ikapanda badala ya kushuka. Katika jaribio la 2002 lililochapishwa katika jarida la Nature, wachezaji walichanganywa upya kila raundi ili asiwepo anayekutana tena na yule aliyemwadhibu. Bado waliadhibu. Walipoulizwa, walizungumzia hasira.

> Nusu ya watu si wema wala si wabaya. Wanatazama jirani anafanya nini, ndipo wanaamua.

Jaribio jingine la Zurich, lililochapishwa 2001 na Urs Fischbacher, Gächter na Fehr, liliwagawa wachezaji kwa tabia zao. Karibu theluthi moja walitegea hata wenzao walipotoa kila kitu. Karibu nusu walikuwa watu wa masharti: wenzangu wakitoa nitatoa, wakiacha nitaacha. Nimelisoma jaribio hilo mara nyingi nikiwafikiria watu wa mwaloni, kwa sababu ile hoja ya nikiacha mimi mwenzangu haachi ni sauti ya kundi hili la pili. Anayeisema yuko tayari kuacha. Anachosubiri ni kuona wengine nao wameacha.

Wavuvi 459 wanasema ukweli

Tusiishie kwa wanafunzi wa Ulaya. Håkan Eggert wa Chuo Kikuu cha Gothenburg na Razack Lokina wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwahoji wavuvi wadogo 459 wa upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, wakawauliza wenyewe ni mara ngapi wanavunja kanuni ya ukubwa wa matundu na kwa nini. Matokeo yalichapishwa 2010.

Watetezi wa fimbo watafurahi na sehemu ya kwanza ya matokeo. Mvuvi anapoona uwezekano wa kukamatwa na kuadhibiwa umepanda, anapunguza uvunjaji. Adhabu ina kazi yake.

Sehemu ya pili inawapa nguvu wapinzani wao. Wavuvi haohao waliguswa pia na mambo ambayo hayamo katika sheria ya faini: kama wanaiona kanuni kuwa ya haki, na kama wanaamini wenzao wanaifuata. Hao ni wale watu wa masharti wa Zurich, safari hii wakiwa na makasia mkononi.

Sehemu ya tatu haimfurahishi mtu yeyote. Watafiti walikuta kundi dogo la wavunjaji sugu. Aibu haiwagusi, haki ya kanuni haiwagusi, na hatari ya kukamatwa nayo haiwagusi, kwa sababu wanalipa rushwa na kupita. Wachache hawa wana uzito mkubwa kuliko idadi yao. Mtu wa masharti anapomwona jirani anavua usiku kwa kokoro, wavu haramu wa kukokota, na asubuhi anauza bila bughudha, anajifunza kwamba kanuni ni ya wasio na fedha.

Moto wa 2018

Januari 2018 Serikali ilianzisha Operesheni Sangara katika mikoa inayozunguka ziwa, Mara ikiwemo, chini ya aliyekuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Luhaga Mpina. Vikosi vilipita mialoni, nyavu haramu zikarundikwa na kuchomwa, faini zikatozwa. Juni mwaka huo maafisa wa wizara waliingia na rula hadi kwenye mgahawa wa Bunge jijini Dodoma kupima samaki waliokuwa wamepikwa. Uganda ilikuwa imetangulia: mwaka 2017 iliingiza jeshi ziwani.

Walioiunga mkono operesheni hawakuwa wakatili. Waliona nyavu haramu za timba zimejaa, sangara wachanga wanauzwa hadharani, na viwanda vya minofu vinakosa malighafi. Baadaye wizara ilieleza kwamba sangara wameongezeka. Kwa upande wa pili, wabunge wa Kanda ya Ziwa walipeleka bungeni vilio vya wapiga kura wao kuhusu ukubwa wa faini na namna operesheni ilivyoendeshwa. Mwenye mitumbwi 20 akichomewa nyavu za mtumbwi mmoja, ananunua nyingine. Mwenye mtumbwi mmoja anakuwa kibarua wa yule mwenye 20.

Maabara zina neno juu ya hili, na haliegemei upande wowote moja kwa moja. Mwaka 2008 Gächter, Elke Renner na Martin Sefton walichapisha jaribio la kulinganisha mchezo wa raundi 10 na wa raundi 50. Katika raundi 10, gharama za kuadhibiana zilimeza faida ya ushirikiano, na watu wakaishia na kidogo kuliko ambavyo wangepata bila adhabu. Katika raundi 50, watu walikwishaelewana, adhabu haikuhitajika mara kwa mara, tishio lake lilitosha, na kwa wastani watu wakapata zaidi.

Operesheni ni mchezo wa raundi chache. Inafika kwa kishindo, inatoza, inaondoka. Mvuvi anayebaki ziwani miaka 30 anajifunza jambo moja tu: kujua ni lini boti ya doria haipo.

Juan Camilo Cárdenas na wenzake waliliona hilo vijijini Colombia katika jaribio lililochapishwa 2000. Wanakijiji walicheza mchezo wa kutumia msitu wa pamoja. Makundi mengine yaliruhusiwa kuzungumza kati ya raundi bila kanuni yoyote kutoka nje. Mengine yaliwekewa kanuni kutoka nje yenye ukaguzi hafifu na faini ndogo, kama ilivyo doria nyingi za nchi zetu. Waliozungumza walipunguza ukataji na wakaendelea hivyo. Waliowekewa kanuni walipunguza mwanzoni, kisha kila mtu akaanza kupiga hesabu zake binafsi, na mwisho walikata zaidi kuliko wale waliokuwa wanazungumza. Kanuni dhaifu ya mgeni ilikuwa imewaondolea jukumu la kufikiriana.

Bunda na mtu asiyeitikia yowe

Ukiacha ziwa ukapanda kuelekea mashariki ya Bunda, unafika katika vijiji vya Kunzugu, Mariwanda na Hunyari, karibu na mapori yanayopakana na Hifadhi ya Serengeti. Huko mali ya pamoja ni usiku wenyewe. Tembo wakitoka porini kuingia kwenye mahindi na mihogo, shamba la mtu mmoja halilindiki. Lazima watu waamke, wapige madebe, wawashe mioto. Anayelala shamba lake linalindwa na usingizi wa wengine uliokatizwa.

Kwa wafugaji ilikuwa vivyo hivyo kwa ng'ombe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilienea mitaani na wizi wa mifugo ukawa wa bunduki katika kanda yote. Polisi walikuwa mbali, na mara nyingine walishirikiana na wezi. Mapema miaka ya 1980, katika maeneo ya Kahama na Shinyanga, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe. Miaka michache baadaye ilikuwa imeenea mikoa mingi, na Serikali, baada ya kusitasita, ikaipa nafasi katika sheria ya mgambo mwaka 1989.

Adhabu za sungusungu zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndizo zilizoifanya idumu. Yowe likipigwa na mwanamume mzima asitoke, alitozwa. Asipolipa, alitengwa: haazimwi jembe, hauziwi chumvi, hasalimiwi, hakuna anayemsaidia kubeba mgonjwa. Adhabu hiyo haikuhitaji gereza wala bajeti. Ilihitaji kijiji kizima kikubali kuitekeleza, na ambaye angemsalimia aliyetengwa naye alijiweka hatarini. Wachumi wangesema wanaotegea kuadhibu nao waliadhibiwa.

Brian Paciotti na Craig Hadley walipeleka mchezo wa fedha katika kijiji cha Rukwa ya zamani wanakoishi Wasukuma wahamiaji na Wapimbwe wenyeji. Mtu mmoja anapewa fedha, anapendekeza mgawo. Mwenzake akikataa, wote wanakosa. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha Wasukuma waligawa kwa ukarimu zaidi, hata kwa watu wa vijiji vingine. Maelezo ya watafiti hayakuwa kwamba damu yao ni njema. Walitaja taasisi: Wasukuma wana vyombo vinavyovuka mipaka ya kijiji, sungusungu ikiwa mojawapo, na mtu aliyezoea kuwajibika kwa watu wa mbali huleta mazoea hayo mchezoni. Wasukuma ni miongoni mwa wakazi wa Bunda leo, na hilo si jambo dogo kwa anayepanga ulinzi wa mazao huko.

Kaskazini zaidi, Wakurya wa Tarime wana mkutano wao wa hadhara, ritongo, ambao mwanaanthropolojia Suzette Heald aliuchunguza akaona jinsi ulivyotumika kuwabana wezi wa ng'ombe, wakiwemo vijana wa familia zenye nguvu. Jirani zao ng'ambo ya mpaka, Wagusii wa Kenya, walishiriki katika utafiti mkubwa wa Joseph Henrich na wenzake uliochapishwa 2006 kuhusu jamii 15 duniani. Mtu wa tatu, asiyehusika kabisa, aliona mgawo usio wa haki na kuulizwa kama atalipa ili mchoyo aadhibiwe. Wagusii walikuwa miongoni mwa waliokuwa wepesi zaidi kuadhibu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi katika makambi madogo yanayohamahama, hawakuona sababu ya kuingilia ugomvi wa watu wengine. Kwao anayechoshwa na mwenzake anahama kambi.

Fimbo ikimgeukia mwema

Sitaki kuisifia adhabu ya kijiji kupita kiasi. Sungusungu hiyohiyo iliwahi kuwageukia vikongwe walioshukiwa uchawi. Kila msomaji wa gazeti la Tanzania anawajua wale wananchi wenye hasira kali, na anajua marehemu wao hawakupewa nafasi ya kujitetea. Mkono wa jirani unaweza kuwa mzito kuliko wa askari, na hauna rufaa.

Maabara zimeliona hilo pia, na mji mmojawapo lilipoonekana ni mji ambako Waswahili wengi wana ndugu. Mwaka 2008 Benedikt Herrmann, Christian Thöni na Gächter walichapisha matokeo ya mchezo wa mfuko wa pamoja katika miji 16, kuanzia Boston na Copenhagen hadi Chengdu na Muscat. Katika miji kadhaa, wategeaji walioadhibiwa walilipiza. Hawakujua nani hasa aliwaadhibu, hivyo wakawapiga wale waliochangia zaidi. Muscat na Athens zilikuwa juu kabisa katika adhabu ya namna hii, na huko ruhusa ya kuadhibu haikuongeza michango. Walioshiriki walikuwa wanafunzi wa vyuo, na hawatoshi kuuhukumu mji. Lakini watafiti waliona uhusiano: mahali ambapo watu hawaamini kwamba sheria inafanya kazi, na ambako kukwepa wajibu wa umma hakuchukuliwi kuwa aibu kubwa, mwema ndiye anayeadhibiwa.

Kila mwanachama wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni, anaielewa Muscat bila kuelezwa. Anayetaja jina la mwenye kokoro ndiye anayekatiwa nyavu usiku.

> Makundi yaliyopiga kura yenyewe juu ya nani aadhibiwe hayakuruhusu hata mara moja kumwadhibu anayechangia zaidi.

Dawa iliyopatikana ni nyepesi kuieleza. Arhan Ertan, Talbot Page na Louis Putterman waliwaachia wachezaji wapige kura kwanza: tumruhusu nani aadhibiwe? Mwanzoni wengi walikataa adhabu kabisa. Raundi zilivyopita, wakaanza kuruhusu, lakini kwa wanaochangia kidogo tu. Hakuna kundi hata moja lililopitisha adhabu dhidi ya wakarimu. Kisasi kilichowezekana mtu akiwa peke yake hakikupita kwenye kura ya hadhara.

Butiama: jembe la siku ya tatu

Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliandika kijitabu chake cha ujamaa mwaka 1962. Humo aliutumia msemo ambao kila mtoto wa Kiswahili anaujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alijenga hoja kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi, na uvivu ulikuwa fedheha. Ukiusoma kijitabu hicho sasa, pembeni ya Fehr na Gächter, utaona wanashughulikia tatizo lilelile la mtegeaji.

Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu boma. Katika boma la Kizanaki jembe la kila mtu lilionekana. Mvivu alijulikana kwa jina, alisemwa kisimani, alikosa mke. Aliyemwadhibu ndiye aliyekula naye chungu kimoja.

Kisha Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini ni lazima, na hadi 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa. Shamba la kijiji likawa na daftari la mahudhurio. Watu walifika, walihesabiwa, walilima kivivu na kutunza nguvu zao kwa ajili ya mashamba yao ya jioni. Adhabu ilikuwepo, kwa sheria ndogo na kwa faini. Ila sasa aliishika mtendaji, na kumkwepa mtendaji hakukuwa aibu mbele ya mtu yeyote. Nadhani hapo ndipo ujamaa ulipopoteza kitu ambacho Mwalimu mwenyewe alikiona wazi kuliko wengi: fedheha haihamishiki kwa waraka.

Kenya kuna mfano unaofanana. Jean Ensminger alipowapelekea Waorma wa Tana mchezo wa mfuko wa pamoja, wenyewe waliuita harambee, na wenye mali walitoa zaidi, kama inavyotarajiwa kwao kwenye harambee halisi. Hakuna aliyewaagiza. Walileta mazoea yao mezani.

Butiama ya leo haina shamba la ujamaa, lakini vikundi vya kuweka na kukopa vimejaa. Sanduku lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Anayechelewa mkutano anatoa faini, hata kama ni ndogo kiasi gani, mbele ya wenzake, kwa kiwango walichokiandika wao kwenye katiba yao, na fedha inaingia katika mfuko wao. Nje ya kikundi kuna msiba. Asiyekwenda kuchimba kaburi la jirani anajua kwamba siku yake nayo itafika.

Linganisha na vituo vya kulelea watoto vya Haifa, Israel. Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliona wazazi wanachelewa kuwachukua watoto. Baadhi ya vituo vikaweka faini, na uchelewaji ukaongezeka maradufu. Mzazi aliyekuwa akimwonea haya mwalimu sasa alikuwa analipia huduma. Faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Faini ya Haifa iliwekwa na mwenye kituo na kulipwa kimyakimya pamoja na ada, wakati ya Butiama inawekwa na walipaji na kulipwa macho kwa macho.

Jaribio ambalo Mara inaweza kulifanya

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2009, alikusanya kutoka sehemu nyingi za dunia mifano ya mifereji ya umwagiliaji, misitu na maeneo ya uvuvi iliyodumu chini ya mikono ya watumiaji wake. Katika mingi alikuta adhabu inayopanda ngazi. Kosa la kwanza ni onyo na jina kutajwa. La pili ni faini ndogo. Ni baada ya hapo tu mtu anapoteza haki ya kuvua. Walinzi walikuwa watumiaji wenyewe au watu waliowajibika kwao.

Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 ilifungua mlango wa kuwashirikisha wavuvi, na BMU zipo hadi leo. Kinachokosekana katika mialo mingi ni uwezo wa kweli: kamati inaombwa taarifa za wahalifu, lakini haipangi kiwango cha faini, na fedha inayotozwa haibaki mwaloni. Kamati imebebeshwa chuki ya jirani bila kupewa mamlaka.

Naunga mkono mgawanyo huu. Watu wa masharti, ambao ndio wengi, waachiwe mkutano mkuu wa mwalo: wapange ngazi za adhabu kwa kura, vibarua wa mitumbwi wakiwa na sauti sawa na matajiri wao, na faini ibaki kwenye mfuko wa mwalo ikiwa na daftari linalosomwa hadharani. Dola ishughulike na wale wachache wa Eggert na Lokina wanaonunua njia, na iwaguse pia wanaopokea fedha yao, kwani hapo hakuna mkutano wa mwalo utakaofua dafu. Aliyeadhibiwa awe na pa kukata rufaa nje ya mwalo wake, ili sungusungu ya samaki isizae wahanga wapya kama wale vikongwe.

Sisemi tuipokee njia hii kwa imani. Inaweza kupimwa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Sota wilayani Rorya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wachumi waliokwishafanya kazi hii ziwani. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho kingepata hapa utafiti wa kujivunia. Ichaguliwe kwa kura ya bahati nasibu nusu ya mialo kadhaa ya Musoma na Bunda ipange adhabu zake yenyewe, nusu ibaki na utaratibu wa sasa. Samaki wapimwe kila mwezi pande zote mbili kwa misimu kadhaa, maana mwaka mmoja ni raundi chache mno. Na matokeo, yawe mazuri au mabaya, yasomwe kwanza mwaloni kabla ya kupelekwa Dodoma.